Mke Mwenza wa Chuma

Ndoa yangu ilifungwa kanisani, na padri alitamka mbele ya watu wote, wakiwamo shangazi zangu wasiosikia vizuri, kwamba ni ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa hiyo sikutegemea kupata mke mwenza. Nilimpata mwaka ule kijiji chetu cha ujamaa, huku upande wa Mvumi, kilipopewa mashine ya randa. Alikuja juu ya lori kutoka shamba la mkonge lililotaifishwa, amefungwa kamba na kufunikwa turubai kama mwali, na wanaume wa kijiji kizima walitoka kwenda kumpokea. Mimi nilipoletwa hapa walikuja wachache tu.

Mume wangu ni Tomasi, seremala. Zamani, alipokuwa mpasua mbao, gogo la mvule lilimwangukia goti la kushoto, na tangu siku hiyo goti halikunjiki sawasawa. Mtu mwenye goti la namna hiyo na jembe ni maadui. Msimu mmoja alilima pamba katika shamba la kijiji. Wenzake walikwenda mbele kwa mstari, yeye akabaki nyuma peke yake, mguu mmoja kautupa pembeni, na wapita njia wakionyeshana kwa vidole. Jioni nilimkanda kwa maji ya moto. Nikimwuliza kama linauma, anajibu haliumi. Goti limevimba kama kibuyu, lakini haliumi. Ndivyo walivyo wanaume.

Basi mwenyekiti wetu Rafaeli alipotangaza kwamba mashine itasimamiwa na Tomasi, nilimshukuru Mungu kwa niaba ya lile goti. Hatimaye mume wangu alikuwa amepata kazi ya kusimama.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe, nieleze kidogo. Ni meza ndefu ya chuma, nyororo, na katikati yake kuna visu vinavyozunguka kwa nguvu ya injini na mkanda. Unausukuma ubao juu ya meza, unapita kwenye visu, unatokea upande wa pili ukiwa laini. Siri yote iko kwenye ile meza. Ikiwa safi, ubao unateleza wenyewe. Ikishika kutu, ubao unakwama, mikono inalazimisha, na mikono inayolazimisha karibu na visu huwa haina maisha marefu.

Masika yalipoingia, ukungu wa mto Mkondoa ulipenya kila asubuhi katika kuta za matete za karakana. Siku moja Tomasi alirudi nyumbani na uso wa msiba. Nilimwuliza amekufa nani. Akajibu kwamba ni kutu.

Yeye alikuwa amejifunza kanuni moja tu, kwamba mashine ni mafuta. Kwa beringi, zile ringi za chuma zinazobeba mhimili wa visu, kanuni hiyo ni kweli kabisa. Tomasi aliipeleka mpaka kwenye meza, akaipaka oili nzito kama mtu anayempaka mtoto baada ya kumwogesha, huku miguu ya mkewe nyumbani imepauka. Mbao zikatoka na mabaka. Vanishi ikakataa kushika, na madawati tuliyokuwa tunaitengenezea shule yakaonekana kama yana ugonjwa wa ngozi. Unga wa mbao ukanasa kwenye oili, ukawa uji mweusi, na chini ya uji huo unyevu ukajificha na kutu ikaendelea kula kwa raha zake.

Oili ikaisha. Enzi hizo hata maduka ya Magomeni, pale Kilosa mjini, ungeweza kuyazunguka yote ukarudi na kopo lako tupu. Tomasi hakuniambia kitu. Nilishangaa tu kuona chupa ya mafuta ya karanga niliyoitunza kwa ajili ya Pasaka imepungua, na panya wa nyumbani kwangu wamehamia karakana. Jirani yangu Joha, ambaye mumewe ana wake wawili wa kweli, aliniambia nisijilize bure, kwani mwenzangu wa chuma anakula mafuta tu, wa kwake yeye anakula mafuta na vitenge.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Rafaeli alileta habari kwamba mvua zikipungua angekuja bwana Lupakisyo kutoka karakana kubwa ya Mikumi kukagua mashine za vijiji. Itakayokutwa imeharibika kwa uzembe ingebebwa kupelekwa Mikumi kwenye mafundi wa kuitunza, na msimamizi wake angerudi shambani na wenzake. Rafaeli alisema maneno hayo akitazama miti. Tomasi alikuwa akitazama goti lake.

Hapo ndipo alipofika mama yangu, naye ndiye ninayetaka kumsimulia hasa.

Mama yangu, Hildegarda, anaishi Malolo na kufuga nyuki. Alipanda lori mpaka Mikumi, kisha treni ya Kidatu mpaka Kilosa, na akaingia kwangu na kapu la asali na nta. Tomasi alipoisikia sauti yake uani, alitokea mlango wa nyuma. Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, wala hasemi naye ana kwa ana. Mila yenyewe si kifungo cha maisha. Wengi wanaishika mwaka mmoja au miwili, mpaka mama mkwe akiona kijana ana adabu ya kutosha, anamwambia sasa basi. Mama yangu hakuwahi kumwambia Tomasi basi. Na angemwambia lini, ikiwa kila akifika mwenzake ameshapotea? Watoto wetu walishaanza kusoma shule, na mume wangu bado alikuwa akimkimbia mama kama deni. Mama hakulalamika. Ila kila akija ananiuliza hali ya goti la mwenzangu, na mimi najibu kwamba mwenyewe anasema haliumi.

Safari hii nilimweleza juu ya mke mwenza. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasema twende akamwone.

Tulipoingia mlangoni mwa karakana, Tomasi alikuwa amepiga magoti, yaani goti moja, akisugua meza. Alipoona kanga ya mama aliruka dirishani. Mtu mwenye goti lile hapaswi kuruka dirisha, na alivyotua nje tulisikia. Mama hakugeuza kichwa. Alipitisha kidole juu ya meza, kikanata. Akakinusa, akasema hiki ni chakula. Kisha akaniambia kwamba marehemu baba kabla ya masika alikuwa akisugua nta kwenye panga na mundu, akavitundika darini, na kiangazi kilipofika vilishuka bila doa.

Nilijua Tomasi yuko nyuma ya matete, maana alikuwa akihema. Mama naye alijua. Mila inakataza kusema na mkwe, haikatazi kusema na chuma. Akaigeukia mashine, akaweka mkono juu yake.

"Mashine," alisema, "mwambie anayekutunza kwamba mafuta ya kula yanaita panya. Akutoe kutu kwa mafuta ya taa na msasa, akukaushe, halafu akupake nta nyembamba. Nyembamba sana. Akufute mpaka adhani amekufuta yote."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ya adabu mno.

"Mashine, mwambie mama shikamoo. Mwambie nimesikia."

"Mashine, mwambie marahaba," mama akajibu.

Nilitoka nje nikajishika mbavu. Miaka yote ile nilikuwa nikibeba salamu zao kama tarishi, kumbe kilichohitajika kilikuwa kipande cha chuma. Mama aliacha kipande kidogo cha nta pale juu ya meza, tukarudi nyumbani.

Tomasi alifanya kama alivyoagizwa. Alisugua kutu kutwa nzima, akailainisha ile nta juani kwa matone ya mafuta ya taa, akaanza kupaka upande wa mbele, kule ubao unakoingilia. Nilikwenda kuona. Chuma kilikuwa kimepata rangi ya kijivu iliyotulia, na ubao nilioujaribu uliponyoka mkononi. Nilisema mke mwenza amekuwa mzuri kuliko mimi, na Tomasi, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze, akacheka. Alisema mimi sihitaji msasa. Nilimsamehe nusu ya mafuta ya karanga.

Lakini nta iliisha akiwa amemaliza upande wa mbele tu. Upande wa nyuma, kule ubao unakotokea, ulibaki uchi. Nyumbani katika kapu la mama kulikuwa na mabonge mawili. Moja lilikuwa limekwisha kuchemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. La pili lilikuwa masega yaliyokamuliwa kwa mkono tu, bado yana asali ndani, mama alikusudia kuyachemsha baadaye. Mtu mwingine yeyote angeuliza bonge lipi ni lipi. Tomasi alingoja mpaka mama alipokwenda kuoga, akaingia akichechemea, akachomoa bonge lililokuwa juu, akatoka mbio kabla maji hayajaisha ndooni. Mimi nilikuwa kisimani. Jioni akaniambia kazi imekamilika, nami nikalala nikiwa mtu wa furaha.

Kesho yake asubuhi bwana Lupakisyo akawasili. Hatukumtegemea, mvua zilikuwa bado hazijapungua, lakini alisema barabara ya Mikumi imemruhusu na yeye hakupenda kuikatalia. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mwenyeji wa Rungwe, amevaa ovaroli safi na anawaamkia wazee vizuri. Kamati yote ikajaa karakana. Wanawake tulisimama nje mlangoni, na mama, aliyekuwa na safari ya treni siku hiyo, alikuwa nyuma yangu na kapu lake, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso.

Lupakisyo alipapasa upande wa mbele wa meza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliomba ubao, akausukuma kwa kidole kimoja na injini imezimwa. Ukaenda vizuri, ukavuka visu, ukafika upande wa nyuma, ukakwama. Akausukuma kwa mkono. Ukasogea kidogo, ukalia, ukakwama tena. Akauinua. Chini yake sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukingo wa meza mpaka katikati, na wengine wameganda mle mle walimokuwa wakila.

Mtu mmoja wa kamati alicheka, akanyamaza haraka. Lupakisyo aliuliza hiki ni nini. Nilimwona Tomasi anavyohesabu moyoni: akisema ni nta, ataulizwa mbona mbele ni safi na nyuma kuna wadudu, akieleza mabonge mawili, itabidi aseme kwamba yeye, mtu mzima mwenye watoto, alikwapua kitu kwenye kapu la mama mkwe akakimbia ili asimwulize. Akachagua kunyamaza. Lupakisyo alingoja kwa heshima, halafu akasema kwa huzuni kabisa kwamba mashine ni nzuri na hawezi kuiacha iliwe na wadudu. Angeagiza lori.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Sikumkasirikia Lupakisyo, nilimkasirikia yule mjinga wangu aliyesimama pale akitazama sakafu. Niliona pamba. Niliona mstari wa wanaume unakwenda mbele na mtu mmoja nyuma. Nikamwambia mbele ya kamati yote, "Tomasi, mficha uchi hazai. Sema." Akalifunika goti kwa mkono, kana kwamba na hilo lingeweza kusema.

Ndipo mama akanipita.

Aliingia karakana akiwa amempa Tomasi mgongo, kanga imefunika kila kitu ila pua, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Wanaume wakampisha bila kujua kwa nini.

"Mashine," alisema, "mwambie mgeni kwamba nta ni yangu. Iliyo mbele imechemshwa. Iliyo nyuma ina asali ndani, haikupaswa kuguswa. Anayekutunza hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Na hakuna aliyemwambia kwa sababu mimi na yeye tuna heshima yetu."

Kamati ilibaki midomo wazi. Wengine walikuwa watu wa bondeni wasioshika mila hiyo kwa ukali, nao walianza kuumana midomo wasicheke. Nilidhani mtu wa Mikumi atasema hana muda wa mambo ya kale. Lakini kwao Rungwe, nilikuja kusikia baadaye, mke wa mtu akimwona baba mkwe njiani huingia porini mpaka mzee apite. Lupakisyo alivua kofia yake. Akaiweka kifuani, akaigeukia mashine kama mtu anayejua kazi.

"Mashine," alisema, "mwulize mama, hii ya nyuma inaweza kutoka?"

"Mashine, mwambie inatoka kwa maji ya moto na tambara. Ikaushwe hapo hapo isirudishe kutu."

"Mashine, mwulize mama kama anayo nyingine iliyochemshwa."

Mama aliitoa chini ya kanga. Alikuwa ameishika tangu sisimizi walipoonekana.

Hapo kamati ikashindwa. Rafaeli alicheka mpaka akashikilia nguzo. Mimi niliwasha moto nikachemsha maji, wanaume wakanawisha chuma, Tomasi akakikausha na kukisugua, na mama, akiwa bado amempa mgongo, aliiambia mashine kila alipoona kwa pembeni nta inazidi. Tomasi aliiambia mashine imwambie amesikia. Lupakisyo alikaa juu ya gogo akifurahia kama mtu aliyekuja harusini. Kisha aliomba injini iwashwe. Akachukua ubao wa mninga uliokuwa unangoja kuwa dawati, akauweka mbele, akausukuma. Uliteleza, ukapiga kelele kwenye visu, ukatokea nyuma bila kusita, na maranda marefu yakaruka miguuni kwake. Aliupapasa, akaugeuza kutafuta baka, hakuliona.

Alizima injini mwenyewe. Alimwambia Tomasi kwamba beringi zinataka grisi, meza inataka nta, na tofauti hiyo mafundi wengi inawachukua muda kuijua, hata yeye ilimgharimu meza nzima ujanani mwake. Akamwambia Rafaeli kwamba lori halitakuja. Aliomba kipande cha nta cha kuondoka nacho. Mama alikipitisha kwa mashine, yaani alikiweka juu ya meza, naye akakichukua, akatuaga.

Watu walitawanyika wakiiga sauti za wakwe, na ninavyokijua kijiji chetu, waliiga mpaka mavuno. Tulibaki watatu. Mimi nilikuwa nikifagia maranda. Mama alikuwa akifunga kapu lake kwa safari ya treni. Tomasi alisimama upande wa pili wa meza, mikono inanuka nta, macho kayaelekeza kwenye chuma.

"Mashine," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "mwambie mama nilichukua bonge lake bila kuomba. Mwambie namkimbia miaka yote hii si kwa dharau. Ninaogopa tu asije akaona kwamba mwanawe aliolewa na mtu asiyeweza kulima."

Niliacha kufagia. Mama aliliacha kapu bila kulifunga. Halafu akaiteremsha kanga kutoka usoni, akazunguka meza, akasimama mbele yake.

"Mashine imezimwa, Tomasi," alisema. "Niambie mimi."

Mume wangu aliinua macho kidogo kidogo, mpaka yakafika. Alisema shikamoo, mama. Mama akaitika marahaba, mwanangu. Kisha akamwuliza lile swali alilokuwa akiniuliza mimi kila safari.

"Goti linaendeleaje?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisikia kila jioni ya ndoa yangu, nikiwa nimechuchumaa na maji ya moto.

"Linauma, mama," Tomasi alisema. "Linauma kila siku."